Saa Haina Mjomba

Anayeijua barabara ya kusini anaijua Nanganga. Ni pale ambapo basi litokalo Lindi au Mtwara kuelekea Masasi hupunguza mwendo, wachuuzi wakasogea madirishani, na abiria wa Ruangwa na Nachingwea wakashuka kutafuta usafiri wa kukata kulia. Mpaka wa mikoa miwili umepita papo hapo. Jina la Nanganga limo katika orodha ya kata za Ruangwa, mkoani Lindi, na limo pia katika orodha ya kata za Masasi, mkoani Mtwara.

Mtoto mwenye mbio akikulia upande mmoja wa mpaka huo, njia yake ya kufika mashindano ya taifa ya UMISSETA inapitia Lindi. Akikulia ng'ambo, inapitia Mtwara. Watoto hao wawili wanaweza kuwa wanachota maji kisima kimoja na kupalilia ufuta katika mashamba yanayopakana, lakini hakuna siku watakayopimwa kwa kipimo kimoja. Mmoja anaweza kwenda taifa na mwingine akabaki nyumbani, na hakuna kiongozi yeyote, wa wilaya wala wa mkoa, atakayeweza kutuonyesha karatasi inayothibitisha kwamba aliyekwenda ndiye mwenye kasi zaidi.

Makala haya yanahusu karatasi hiyo isiyokuwepo.

Nianze na jambo linalonihusu, ili msomaji ajue tangu mwanzo kwamba sizungumzi kama mtu baki. Miaka michache iliyopita nilikuwa likizo kusini, nikaenda kumtazama mpwa wangu, binti wa dada yangu, akikimbia mita 800 katika mchujo wa wilaya. Sitaitaja shule yake wala upande wa mpaka aliokimbilia. Walimu waliosimamia siku ile walifanya kazi toka alfajiri, wengine bila kutia kitu kinywani, na sikuona hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Kasoro ninayoieleza ingeweza kutokea katika wilaya nyingine yoyote.

Wasichana walikuwa 19. Uwanja ulikuwa wa mpira wa miguu, umezungushiwa chokaa, hauna njia za kukimbilia. Kwa kuwa wote wasingeweza kuanza pamoja, waligawanywa katika makundi mawili, na kwa kuwa timu ya wilaya ilikuwa na nafasi mbili katika mbio hizo, ilitangazwa papo hapo kwamba mshindi wa kila kundi ndiye atakayeandikwa. Hapakuwa na saa. Palikuwa na kipenga, daftari na utepe.

Mpwa wangu alikuwa kundi la kwanza. Alishika nafasi ya pili, nyuma ya msichana aliyemshinda kwa kifua tu. Kundi la pili lilikimbia polepole. Mshindi wake aliongoza toka mwanzo, hakuna aliyemkaribia, akamaliza akiwa hana jasho la kutisha. Mimi nilikuwa na simu mkononi. Katika kundi la kwanza mshindi alitumia dakika 2 na sekunde 28, mpwa wangu dakika 2 na sekunde 29. Mshindi wa kundi la pili alitumia dakika 2 na sekunde 38. Kwa mwendo ule, sekunde 9 ni zaidi ya mita 40. Wangekimbia pamoja, mmoja angekuwa amekwisha kukata utepe na kuinama kushika magoti wakati mwenzake bado yuko kwenye kona.

Aliyeandikwa ni wa sekunde 38.

Najua kwamba simu ya mjomba si ushahidi. Ndiyo maana nasema tatizo si kwamba saa yao ilitofautiana na yangu. Tatizo ni kwamba saa yao haikuwepo.

Jioni dada yangu alinipigia. Hakuniuliza kanuni zinasemaje. Alisema, "Kaka, wewe si mwalimu wa chuo? Zungumza nao basi." Wasomaji wa Kimwera, Kimakua na Kiyao hawahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo. Kwetu, ambako ukoo wa mtoto hufuatwa kwa mama, mjomba si jamaa wa kualikwa harusini tu. Ndiye mwenye neno. Mpwa akikwama, mjomba ndiye huulizwa.

Na namba nilikuwa nayo. Mmoja wa waliohusika na orodha ile alikuwa mwanafunzi wangu zamani. Nilijua kwamba nikimpigia ataniita "mwalimu," atanisikiliza, na huenda kesho yake jina moja lingefutwa na jingine kuandikwa. Nilijua pia kwamba jina litakalofutwa ni la msichana asiye na kosa lolote, aliyeambiwa "ukiwa wa kwanza unakwenda," akawa wa kwanza. Yeye huenda mjomba wake ni mkulima wa korosho asiyekuwa na namba ya mtu yeyote.

Sikupiga. Niliporudi nyumbani mpwa wangu aliniuliza swali moja: "Mjomba, kama sikustahili, niambie. Kama nilistahili, mbona hukusema?" Sikuwa na jibu, na sinalo hadi leo. Mwaka uliofuata hakujiandikisha kukimbia.

Mfumo unaomlazimisha mtu kuchagua kati ya dhuluma mbili, kumdhulumu mpwa wake kwa kunyamaza au kumdhulumu mtoto wa mwenzake kwa kusema, ni mfumo mbovu, hata kama waliomo ndani yake ni waadilifu wote. Uadilifu wa watu hauwezi kujaza pengo la kanuni.

Sasa tuutazame mfumo wenyewe. Ngazi za UMISSETA zinajulikana: shule, kata, tarafa, wilaya, mkoa, taifa. Katika michezo ya timu, kuanzia wilaya na kuendelea, shule haipandi kama shule. Huchaguliwa wachezaji kutoka shule mbalimbali na kuundwa kikosi cha wilaya, kisha cha mkoa. Katika soka au netiboli siwezi kulalamika sana juu ya utaratibu huo. Kumpima mlinzi wa kati si jambo la hesabu. Yahitaji jicho la kocha, na jicho la kocha linaweza kukosea kwa nia njema.

Lakini riadha si netiboli. Riadha ni mchezo ambao Mungu ameurahisishia binadamu suala la haki: aliyeruka mbali zaidi ameruka mbali zaidi, na utepe wa kupimia unaonyesha. Tunapouingiza mchezo huu katika utaratibu uleule wa kuunda kikosi kwa jicho, kwa mazoea na kwa idadi ya viti vilivyomo katika gari, tunachukua kitu kilichokuwa na jibu na kukigeuza kuwa suala la maoni. Na penye maoni pana simu, pana kujuana, pana "yule ni mtoto wa nani?"

Nchi hii ina sababu ya kuiheshimu saa kuliko nchi nyingi. Tunalijua jina la Filbert Bayi kwa sababu huko Christchurch, mwaka 1974, saa ilisimama kwenye dakika 3, sekunde 32 na nukta kadhaa, na dunia nzima ikalazimika kukubali kwamba mita 1500 hazijawahi kukimbiwa hivyo. Hakuna aliyeuliza anatoka mkoa gani. Mwezi Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni. Yeye na Mjerumani aliyemfuata waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na tofauti iliyompa dhahabu ilikuwa sehemu 3 za mia za sekunde. Taifa lilishangilia. Nami nilishangilia, kisha nikajiuliza: taifa lililopewa dhahabu na sehemu 3 za mia za sekunde linawezaje kuona sekunde 9 za msichana wa kijijini kuwa jambo dogo?

Tena kuna umbali. Kutoka Nanganga hadi Ruangwa mjini ni zaidi ya kilomita 50. Mwanafunzi wa upande wa Ruangwa anapanda kwenda kuchujwa makao makuu ya wilaya. Akipita, anashuka kwenda mkoani Lindi, na barabara ya lami inayomshusha inarudi kupitia palepale Nanganga alikotoka. Sina ugomvi na jiografia. Nina ugomvi na swali ambalo kila mzazi wa huku analijua: nauli nani anatoa? Tangu mwaka 2016 Serikali imefuta ada hadi kidato cha nne, na michango holela imekatazwa, jambo jema kabisa. Lakini pale bajeti ya michezo inapochelewa, nafasi yake huchukuliwa na mfuko wa mwalimu au wa mzazi. Na msimu wenyewe ni wa Mei na Juni, wakati ufuta unavunwa na kila mkono nyumbani unahitajika. Mtoto ambaye wazazi wake hawana nauli wiki ile hachujwi na wapinzani. Amechujwa kabla hajavua viatu.

Wala tusijifariji kwamba huku michezo haijafika. Ruangwa ina Namungo, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019, na ina Uwanja wa Majaliwa. Mtwara ilikuwa mwenyeji wa fainali za taifa za UMISSETA mwaka 2019 na tena mwaka 2021. Sherehe zimetufikia. Kinachokosekana ni njia ya haki ya kumtoa mtoto kwenye uwanja wa shule ya kata na kumfikisha kwenye sherehe hizo.

Tatizo hili si letu peke yetu, na wengine wamelifanyia kazi. Huko Marekani, vijana wa mieleka wa shule za sekondari hupitia vituo vya mchujo kabla ya mashindano ya jimbo, na kila jimbo lina kanuni zake. Katika majimbo mengi, kijana akiangushwa mara moja haondoki. Huingia katika mchujo wa pili wa waliofungwa, na akishinda huko anaweza kupanda hadi nafasi ya tatu, na kutoka kila kituo hupita washindi kadhaa, si mmoja. Hata hivyo hubishana mwaka hadi mwaka, kwa sababu kituo kimoja huwa na wababe watano na kingine hakina hata mmoja. Ubishi wao ni uleule wa mpwa wangu: je, ni haki wa tano wa huku akose, na wa kwanza wa kule apite, ilhali wa tano angemwangusha wa kwanza? Tofauti ni kwamba wao wanabishana juu ya kanuni iliyoandikwa. Sisi hatuna cha kubishania.

Katika riadha ya dunia nako, kwa miaka mingi, wanaovuka mchujo ni washindi wa kila kundi pamoja na wenye muda bora miongoni mwa waliobaki. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 waliongeza jambo jingine: katika mbio za mita 200 hadi 1500, pamoja na zile za viunzi, aliyeshindwa kuvuka raundi ya kwanza alipewa raundi nyingine ya kujikomboa. Ikiwa mwanariadha wa Olimpiki, mwenye kocha, daktari na viatu vya bei kubwa, anahesabiwa kuwa anaweza kuwa na siku mbaya na akastahili nafasi ya pili, basi msichana aliyeamka saa 10 usiku akasafiri na bodaboda kuja kukimbia anaistahili zaidi.

Kwa hiyo napendekeza mambo sita. Nayaandika kwa kuwalenga maafisa michezo na maafisa elimu wa halmashauri, wale wa mikoa, na wenzao wa TAMISEMI na wizara zinazohusika na elimu na michezo.

La kwanza, vigezo viandikwe na kubandikwa katika kila shule mwanzoni mwa mwaka: nafasi ni ngapi katika kila mbio, zinapatikanaje, na mwanafunzi akiumwa au akichelewa kwa sababu ya usafiri inakuwaje. Kanuni inayotangazwa uwanjani, makundi yakiwa yamekwisha pangwa, si kanuni.

La pili, kila mbio ipimwe muda, kuanzia ngazi ya kata. Simu tatu mikononi mwa walimu watatu, muda wa katikati ukaandikwa.

La tatu, matokeo yote yabandikwe siku hiyohiyo: jina, shule, nafasi na muda wa kila aliyekimbia. Nakala iende mkoani. Karatasi hiyo ndiyo itakayomjibu mpwa wangu badala yangu.

La nne, nafasi za timu ya mkoa zigawanywe sehemu mbili. Sehemu moja iwe ya washindi wa wilaya, ili kila wilaya iwe na mwakilishi. Sehemu ya pili iwe ya wenye muda na vipimo bora mkoani kote, bila kuuliza wilaya. Hapo wilaya yenye vipaji vingi haitaadhibiwa kwa kuwa navyo.

La tano, kila mkoa utenge siku moja ya mchujo wa pili kabla ya kambi, kwa walioanguka, walioumwa, waliokwamishwa na usafiri na waliokaribia. Na vituo vizunguke. Hakuna amri ya Mungu inayosema mchujo lazima ufanyike makao makuu. Kwa kata za mpakani, Nanganga ni mahali pazuri kuliko mjini, na hakuna kinachozuia Lindi na Mtwara kufanya mchujo wa pamoja pale, kila mkoa ukachukua watoto wake, lakini wote wakiwa wamepimwa kwa saa moja juu ya ardhi moja.

La sita, iwepo rufaa. Mwalimu wa shule apewe saa 24 kuwasilisha malalamiko kwa maandishi, na kamati ijibu kwa maandishi. Katika rufaa hiyo ndimo pia suala la mamluki litakapobanwa. Mwanafunzi ana namba ya usajili inayomfuata katika mitihani yake. Namba hiyo iandikwe katika orodha ya wachezaji, na kila mwenye shaka aihakiki.

Najua yatakayosemwa, kwa kuwa nimekwisha kuyasikia.

Watasema hakuna fedha. Kubandika karatasi hakuhitaji fedha. Simu ziko tayari katika mifuko ya walimu. Katika mambo sita niliyoyataja, linalodai shilingi za maana ni la tano, mchujo wa pili na usafiri wake, na hata hilo linaweza kuanza kwa mkoa mmoja au miwili. Matano yaliyobaki yanadai uamuzi tu.

Watasema saa ya mkononi si sahihi, na viwanja havilingani. Ni kweli, na ndiyo sababu sijapendekeza muda uwe kigezo pekee. Lakini tujihadhari na hoja inayokataa kipimo chenye kasoro ili ibaki na kutokupima kabisa. Saa ya mkononi inaweza kukosea sehemu ya sekunde. Jicho la siku ile lilikosea sekunde 9.

Watasema kipaji cha kweli hakizuiliki, kitajitokeza tu. Hoja hii inapendwa na wale waliojitokeza. Tunawahesabu waliofika, hatuwezi kuwahesabu walioishia njiani, kisha tunahitimisha kwamba njia ni nzuri kwa sababu kila aliyefika alifika.

Na watasema, mwishowe, kwamba hii ni michezo ya watoto, tuna mambo mazito zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tuliwahi kuisimamisha michezo ya shule, na wanamichezo hawajaacha kuulalamikia uamuzi ule. Lakini tuseme wana haki, kwamba medali si kitu. Basi tutazame somo. Kwa wengi wa wanafunzi hawa, mchujo wa wilaya ni mara ya kwanza kusimama mbele ya chombo cha umma kinachogawa nafasi chache kwa watu wengi. Baadaye watasimama mbele ya chombo kinachogawa mikopo ya elimu ya juu, ajira, viwanja na zabuni. Wanachojifunza juu ya chokaa ile watakwenda nacho huko. Wakijifunza kwamba kuna kanuni, kuna kipimo na kuna rufaa, watakuwa raia wa kudai kanuni, kipimo na rufaa. Wakijifunza kwamba kuna mjomba, watatafuta mjomba. Kisha sisi wa vyuoni na maofisini tutaandika maandiko marefu kushangaa rushwa imetoka wapi.

Nawaomba wanafunzi wangu wanaosoma hapa, hasa mnaojiandaa kuwa walimu: mkipangiwa shule, siku ya mbio msingoje waraka. Chukueni simu, pimeni, andikeni majina yote, bandikeni. Nanyi maafisa, mkiona karatasi hiyo ukutani msiulize nani ameruhusu. Ulizeni kwa nini haijabandikwa katika shule nyingine.

Mpwa wangu sasa amemaliza shule. Ana mdogo wake, yuko kidato cha kwanza, na nasikia anakimbia. Dada yangu hajanipigia bado. Ningependa akipiga, niweze kumwambia aende akasome ukutani.